Ramani ya Jumamosi, mhuri wa Jumatatu

Swali: "Shikamoo mama. Mimi ni mhandisi wa ujenzi katika halmashauri moja ya Mkoa wa Dodoma, mwaka wa nne kazini. Kazi yangu kubwa ni kupitia maombi ya vibali vya ujenzi na kwenda saiti kukagua. Mshahara ukishakatwa Bodi ya Mikopo, benki na bima, unaobaki haunifikishi tarehe 20. Kwa hiyo jioni na wikiendi nachora ramani za nyumba za watu, na wengine naendelea kuwasimamia mpaka kupaua. Sijawahi kumdai mtu rushwa. Ramani zangu zikiingia ofisini sizikagui mimi, anazikagua mwenzangu, na za kwake nazikagua mimi. Wiki iliyopita mzee mmoja alinijia juu mbele ya watu, akasema kibali chake kinacheleweshwa kwa sababu hakuchora kwangu. Niliumia sana, maana si kweli. Je, mama, ninachofanya ni kosa? Na kama ni kosa nifanyeje? Nina watoto wawili na mama yangu ananitegemea."

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, na ninakuamini unaposema hujamdai mtu. Nikupe jibu kabisa ili usisome na roho juu: ndiyo, ni kosa. Ila halipo pale unapolitafuta. Kuchora ramani ni kazi halali, na kulipwa kwa jasho lako ni haki yako. Kosa liko kwenye ile sentensi uliyoiandika kama utetezi, kwamba za kwako anakagua mwenzako na za kwake unakagua wewe. Nitaifikia.

Kwanza twende saiti. Ni Jumanne asubuhi, mtaro wa msingi umechimbwa, nondo zimefungwa, fundi na vibarua wake wamesimama pembeni, saruji imeshapasuliwa mifuko. Umeshuka mtaroni na tepu yako. Mchoro unasema nondo za milimita 12, zilizolazwa ni za milimita 10. Kwa jicho la mwenye nyumba tofauti hiyo haipo. Kwa hesabu unaijua: 100 kugawa kwa 144, chuma kimepungua kwa karibu asilimia 30. Ringi nazo, zile zinazozifunga nondo pamoja, zimeachana sentimita 30 wakati mchoro unataka 20. Na udongo wa pale ni ule mweusi wa mbuga, unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, kwa hiyo nyumba iliyokaa juu ya udongo huo inanyanyuliwa na kushushwa kila mwaka. Unachotakiwa kusema hapo ni neno moja: fumua. Nondo zitoke, ziletwe nyingine, siku mbili zipotee, vibarua walipwe wakiwa wamekaa.

Sasa ongeza jambo moja tu kwenye picha hiyo. Mwenye nyumba, yule aliyekaa kwenye pikipiki chini ya mwarobaini, ndiye aliyekulipa laki nne Jumamosi kwa ramani, na bado ana laki mbili zako za usimamizi. Na fundi ambaye wewe na mwenye nyumba mnamsimamia ni yuleyule aliyelaza nondo hizo. Utasema fumua? Labda. Lakini nimekaa kwenye kazi hii miaka mingi na najua sauti inayotoka kooni wakati kama huo. Inasema, "Hii ni nyumba ya chini tu, itabeba." Na pengine kweli itabeba. Shida ni kwamba hukufika kwenye jibu hilo kwa hesabu. Umefika kwa aibu, kwa urafiki, kwa ada ya shule ya mtoto. Ungekuwa hujui hata jina la mwenye nyumba, ungesema fumua kabla hujapanda kutoka mtaroni.

Huo ndio mgongano wa maslahi, na ndiyo maana watu wengi wema wanaupuuza: wanauchanganya na rushwa. Rushwa ni tendo, mtu anaomba au anapokea ili afanye au asifanye jambo. Mgongano wa maslahi ni mahali ulipokaa. Umo ndani yake kabla hujafungua mdomo, hata ukiwa mwadilifu kuliko wote ofisini, kwa sababu wajibu wako unakuvuta huku na mfuko wako unakuvuta kule, na hakuna mtu mwingine, hata wewe mwenyewe, anayeweza kujua kwa uhakika ni upande gani ulioshinda siku hiyo.

Nakuambia haya kwa sababu nimeyaishi. Nilipokuwa na umri kama wako, katika halmashauri moja huku Kanda ya Kati, mume wangu alifungua duka la vifaa vya ujenzi. Duka dogo: saruji, misumari, bati, nondo kidogo nyuma. Mimi nilikuwa mkaguzi. Tulikubaliana nyumbani kwamba sitamwelekeza mtu yeyote kwenda pale, na sikumwelekeza. Duka likakua haraka kuliko tulivyotarajia, tukamshukuru Mungu. Siku moja nimefika saiti, nimekuta zege la jamvi limemwagwa kabla sijaliona. Nikakasirika. Fundi akanijibu kwa upole kabisa, bila hila yoyote: "Mama, sisi saruji yote tunachukua kwa mzee, tukajua wewe hutatusumbua." Akatoa na risiti mfukoni kunionyesha, imekunjwa mara nne, mwandiko wa mume wangu.

Sikulala usiku ule. Sikuwahi kumwambia mtu akanunue pale, na watu walikuwa wananunua kwa sababu yangu. Nilikuwa nimewatoza bila kufungua mdomo. Nilikumbuka pia nyumba mbili tatu ambazo sikuzikagua kwa makini, na hadi leo siwezi kukuambia kwa nini sikuzikagua kwa makini. Huenda nilikuwa nimechoka. Ndivyo nilivyojiambia. Niliandika barua kwa mkuu wangu nikaeleza habari ya duka, nikaomba nitolewe kwenye majengo nipelekwe barabara, enzi hizo barabara bado ziko halmashauri. Nyumbani tulinuniana kama mwezi mzima. Duka halikufungwa, ila wateja walipungua, na kupungua kwao ndiko kulikonithibitishia.

Kwa hiyo yule mzee aliyekujia juu, usimchukie. Unasema si kweli kwamba umemchelewesha, na huenda faili lake lina kasoro halali kabisa: dirisha la choo halipo, umbali kutoka mpakani hautoshi, hati haijaambatanishwa. Lakini yeye ameona nini? Ameona jirani yake aliyechora kwako amepata kibali wiki mbili baadaye. Yeye ameambiwa arudi arekebishe, akarudi, akaambiwa tena. Hana namna ya kuingia kichwani mwako kuona kwamba jirani yake alipata haraka kwa sababu ramani uliyoichora wewe ilikuwa safi. Na hata hilo lenyewe litazame vizuri: ilikuwa safi kwa sababu unajua mwenzako anatafuta nini, anakasirikia nini, anapuuza nini. Mchoraji wa mtaani hajui. Kwa hiyo hata bila mtu kupendelewa, aliyekulipa amenunua kitu ambacho asiyekulipa hakuweza kukipata kwa pesa yoyote: njia ya ndani ya ofisi ya umma. Mtu wa tatu akisikia hivyo anajua la kufanya. Anakuja kwako, bila wewe kumwita, kama walivyokuja dukani kwetu.

Sasa ile ya kubadilishana. Wewe na mwenzako mmeona mmepata dawa. Mimi naona ugonjwa umeenea. Ulipokuwa peke yako, palikuwa na mkaguzi mmoja asiye huru. Sasa wapo wawili, na kila mmoja ameshika riziki ya mwenzake. Chukua siku ambayo mchoro wake una boriti ndefu isiyo na nguzo ya kutosha. Ukitaka kuurudisha, utakumbuka kwamba wako uko mezani kwake tangu Ijumaa. Hamtakaa chini kupanga hivyo, hakuna haja ya kupanga. Watu hukopeshana upole bila kuandikiana. Kesi ya nyani hakimu ngedere, walisema wazee, na ukiitafakari, ngedere yule hakuhongwa na mtu. Ni jamaa tu, na shamba wanaloliibia ni lilelile.

Mkaguzi wa pili anafaa pale tu ambapo yeye mwenyewe hana faili linalokuja kwako, hayuko chini yako kikazi, na anajua wazi, kwa maandishi, kwamba kazi anayoikagua ina mkono wa mwenzake. Kwenu masharti hayo hayajatimia.

Kuna jambo moja hukuniambia, na ndilo ninaloliogopa zaidi. Ramani zako zinaingia ofisini kwa jina la nani? Miaka minne kazini, huenda Bodi ya Usajili wa Wahandisi bado inakutambua kama mhandisi mhitimu, na mhandisi mhitimu hufanya kazi chini ya usimamizi wa mhandisi mtaalamu. Ubunifu wa majengo nao una bodi yake, ya Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, chini ya sheria ya mwaka 2010. Huwezi kuandika jina lako kwenye ramani itakayokaguliwa ofisini kwako, kila mtu angeliona. Basi najua kinachofanyika, maana kimefanyika siku zote: unaazima mhuri. Yuko mtu amesajiliwa, anakugongea kwa elfu hamsini au kwa urafiki, hajawahi kukanyaga kiwanja wala kuuliza udongo ukoje. Kama ndivyo, mwanangu, acha leo, usisubiri nimalize. Pale umetoka kwenye mgongano wa maslahi umeingia kwenye udanganyifu. Nyumba ikipasuka, jina lililo kwenye karatasi ni la mtu asiyeijua, na anayeijua hayupo kwenye karatasi. Anayeazimisha anahatarisha usajili wake, na anayeazima anahatarisha usajili ambao hata hajaupata.

Umeuliza kama ni kosa, kwa hiyo nikupitishe kwenye sheria kidogo, kwa kadiri inavyokuhusu.

Nchi hii iliwahi kuwa na msimamo mkali kuliko wowote ninaoujua. Azimio la Arusha, Februari 1967, lilisema kiongozi asiwe na mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na hisa wala ukurugenzi kwenye kampuni binafsi. Na liliwagusa hata watumishi wa serikali wa ngazi ya kati. Liliona pia lile lililonipata mimi: lilipotaja kiongozi, lilimhesabu pamoja na mke au mume wake. Mwaka 1991, katika kikao cha CCM kule Zanzibar, masharti hayo yalilegezwa, na yaliyokuja baadaye yalikuwa ya namna nyingine. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995, Sura ya 398, haikatazi mali; inataka itamkwe, na kanuni za mwaka 2020 zikaongeza udhibiti wa mgongano wa maslahi wenyewe. Mkurugenzi wako na madiwani wako wanajaza tamko kila mwisho wa mwaka kwa Sekretarieti ya Maadili. Wewe hujazi. Hapo ndipo vijana wengi wanajidanganya, wanaona sheria ya mgongano ni ya wakubwa.

Sivyo. Utumishi wa umma una kanuni zake za maadili zinazomhusu kila mtumishi, kuanzia dereva hadi katibu mkuu. Hazikukatazi kulima wala kufuga wala kufanya kazi nyingine baada ya saa za kazi. Zinachokataa ni kazi inayogongana na wajibu wako, na kutumia muda, vifaa na taarifa za mwajiri kwa faida yako. Kompyuta ya ofisi ikichora ramani ya mteja, hilo peke yake linatosha kukupeleka kwenye kamati ya nidhamu. Na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 haiulizi cheo. Kifungu cha 31 kinahusu matumizi mabaya ya madaraka: mtumishi akitumia nafasi yake kinyume cha sheria ili ajipatie au ampatie mtu mwingine manufaa yasiyostahili. Yule mzee akipiga 113, ambayo ni namba ya bure ya TAKUKURU, afisa atakayekuja hataanza kwa kuuliza kama ulidai pesa. Ataomba orodha ya vibali vilivyopita kwako kwa miaka miwili, atauliza kila ramani ilichorwa na nani, na ataangalia miamala ya simu yako. Laki nne ya ramani na laki nne ya rushwa zinaingia kwenye simu kwa ujumbe uleule. Utaanza kueleza, na mtu asiye na hatia anayeeleza sana anafanana mno na mwenye hatia.

Sitaki uione hii kama shida ya huku kwetu peke yetu, au ya watu maskini. Uingereza ilifungua mlango kwa wakaguzi wa majengo wa binafsi tangu miaka ya 1980, na mjenzi akawa na haki ya kujichagulia nani wa kumkagua na kumlipa. Ofisi za halmashauri nazo zikaingia kugombania wateja. Juni 2017 jengo la Grenfell Tower la London liliungua, watu 72 wakafa, na uchunguzi uliochukua miaka ukakuta pamoja na mengine kwamba ukaguzi wa majengo ulikuwa umekaa kibiashara, mkaguzi anamtazama mjenzi kama mteja. Sheria yao ya mwaka 2022 ikaondoa haki hiyo ya kuchagua kwa majengo marefu ya makazi. Watu wenye pesa na wasomi wengi walihitaji moto ule ili wakubali kwamba mkaguzi hawezi kumhitaji anayemkagua.

Na hapa Dodoma tunayo kumbukumbu yetu. Tangu mwaka 1973 ulipopitishwa uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ilipanga mji, ikashika ardhi, ikagawa viwanja na ikatoa vibali vya kujenga. Mwenye ardhi ndiye mpanga mji ndiye mwamuzi. Malalamiko ya ardhi yalijaa mpaka Rais Magufuli akaivunja mwaka 2017 na majukumu yakaenda halmashauri. Sisemi kwamba waliofanya kazi pale walikuwa watu wabaya, nimefahamiana na wengi na walikuwa wachapakazi. Nasema mwananchi aliyekuwa na kesi nao hakuwa na dirisha lingine la kugonga. Mwaka uliofuata Dodoma ikawa jiji, na tangu serikali ihamie, Nzuguni, Iyumbu, Mkonze, Nala, Ihumwa, kote ni tofali na mchanga. Mji unajengwa kwa kasi ambayo wakaguzi waliopo hawawezi kuikimbiza, na mawilayani ni pagumu zaidi. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ilipoanzishwa mwaka 2017, wahandisi wengi wa halmashauri waliondoka na barabara. Kuna halmashauri ambako mhandisi anayeandaa makadirio ya darasa la force akaunti, yaani linalojengwa na halmashauri yenyewe kwa mafundi bila mkandarasi, ndiye anayelisimamia na ndiye anayesaini kwamba limekamilika. Hilo nalo ni mgongano, na halikuletwa na tamaa ya mtu, limeletwa na upungufu. Halmashauri inayomwacha kijana mmoja akae sehemu tatu kwa wakati mmoja, halafu inasubiri awe shujaa, ina sehemu yake ya lawama, na ningemwambia mkurugenzi wako hivyo akinikaribisha.

Lakini hukuniuliza habari ya mkurugenzi. Umeuliza ufanyeje wewe.

Hesabu faili zako zilizopo ofisini sasa hivi. Tuseme ni tatu. Usizifiche wala usiharakishe zipite "ili niache na mpya." Ziandike kwenye barua, namba ya kiwanja na jina la mwombaji, useme nimehusika kuzichora kwa malipo, naomba zikaguliwe na mtu mwingine asiye na uhusiano huu. Kama idara yenu ni ninyi wawili tu, pendekeza waombe mkaguzi kutoka halmashauri jirani au kwa mhandisi wa Sekretarieti ya Mkoa. Inachukua muda na wateja wako watanung'unika. Walipe fidia ya usumbufu ikibidi, rudisha pesa ya usimamizi uliyokwisha kupokea, na mueleze kila mmoja kwa mdomo wako kabla hajasikia kwa wengine. Saiti ambazo umeshaanza kuzisimamia, mkabidhi mhandisi aliyesajiliwa, na usiende tena pale wewe kama mkaguzi, hata kwa kupita.

Mwenzako mwambie kabla hujapeleka barua. Usimtaje ndani yake. Ataamua ya kwake. Atakasirika, atasema unajifanya mtakatifu, unamchoma. Mpe siku mbili tatu za kufikiri, lakini usimpe haki ya kukuzuia.

Kuanzia hapo, mpaka wako uwe huu: usifanye kazi yoyote ya malipo ambayo siku moja itahitaji sahihi kutoka ofisi yako. Si sahihi yako. Ya ofisi yako. Hiyo inaondoa ramani ndani ya halmashauri yenu. Inaondoa usimamizi. Inaondoa kufyatua tofali na kuziuza kwa wanaojenga, duka la vifaa (nimekuambia ya kwangu), na udalali wa viwanja ambao najua unavutia kwa sababu unaona ramani za mipango miji kabla ya wengine. Inaondoa pia ramani ya bure kwa shemeji yako. Watu wanadhani bila pesa hakuna mgongano. Jaribu kumwambia shemeji afumue nondo halafu uende kwenye kikao cha harusi.

Kinachobaki si kidogo sana, ingawa sitakudanganya kwamba kinalingana. Kwa kibali cha mwajiri, unaweza kufundisha jioni kwenye chuo cha ufundi. Watu wenye uzoefu wa saiti wanatafutwa. Unaweza kupewa kazi na mhandisi mtaalamu wa mkoa mwingine, Singida au Tabora, wakati wa likizo yako, kwa hesabu za majengo ambayo hayatakugusa, naye akasaini kwa jina lake kwa sababu kweli amekusimamia. Kazi hizo zina faida ya pili: zinaingia kwenye kumbukumbu zako za kuomba usajili wa mhandisi mtaalamu, wakati zile za mhuri wa kuazima huwezi kuzionyesha popote. Ukishasajiliwa utakuwa na uchaguzi halisi, kubaki serikalini au kutoka ukafungua ofisi yako. Nimewaona waliotoka, na wanachora Dodoma hiihii mchana kweupe. Alizeti ya Kongwa na zabibu za Hombolo nazo hazihitaji kibali cha ujenzi. Kipato chako kitashuka kwa mwaka mmoja au miwili. Kaa na mkeo umwambie hilo kabla, na mama yako pia kwa namna atakayoielewa. Mimi nilikosea hapo, nilimwambia mume wangu baada ya barua kuondoka, na nadhani ule mwezi wa kununiana ulitokana na hilo kuliko duka.

Yule mzee, usiende nyumbani kwake kumwomba radhi wala kumaliza kimyakimya. Omba mkuu wako alitoe faili lake kwako, alipitie yeye, na amjibu kwa maandishi kasoro ni ipi na arekebishe nini. Akijibiwa kwa barua yenye sababu, hata kama ni hapana, atakuwa na kitu cha kushika mkononi.

Barua yako iwe fupi. Kwa mkurugenzi, kupitia kwa mkuu wa idara. Usianze kwa kujitetea wala kutaja ugumu wa maisha, hayo ya mdomo yanatosha. Andika: "Natamka kwamba nimekuwa nikifanya kazi binafsi ya kuchora na kusimamia majengo ndani ya eneo la halmashauri. Kuanzia tarehe ya barua hii nimeacha. Maombi yafuatayo yana uhusiano nami, naomba nisihusike nayo." Orodhesha, weka tarehe, saini. Usimpe mkuu wako mkononi akaiweke kwenye begi. Ipeleke masijala iingizwe kwenye faili, nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa, na hiyo nakala uitunze nyumbani, siyo kwenye droo ya ofisini.